Taa Mama

Wameniomba ukurasa mmoja:
historia ya kampuni, kwa kijitabu cha jubilei,
iwe na tarehe, na picha ya mkurugenzi.
Tarehe ninazo. Zimo katika daftari la Naftali Chilongani,
lile ambalo mchwa wa Kizota wameanza kulisoma kwa pembeni.

"Leo nimefungua mita ya mpiga picha. Haina betri.
Ina kigae cheusi na mshale mwembamba kama unywele.
Nikikiweka juani, mshale unatembea.
Nikikifunika kwa kiganja, unarudi kwao."
Baada ya hapo, miezi minne hakuandika kitu.

Mita yetu ya kwanza ilikuwa kopo la majani ya chai.
Namba alizichora mkewe, Tabitha, kwa wino wa shule,
na saba yake aliifunga mkanda tumboni.
Mpaka leo, hata kwenye vioo vya kisasa,
saba yetu ina mkanda. Wateja hudhani ni hitilafu.

Walikuja wapiga picha za pasipoti.
Wakaja wakulima wa zabibu kutoka Hombolo
kuuliza kivuli cha jani kina thamani gani.
Serikali ilipohamia, zikaja ofisi,
kila moja ikitaka cheti kwamba karani wake anaona.

Kisha zikaja simu zinazopima kila kitu bure.
Tuliuza mashine ya kukereza. Tukabaki watano
na birika.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Yanalo. Nimelifanyia kazi miaka thelathini na mmoja.
Toka nje saa saba mchana, uone mchanga unavyochoma,
halafu ingia stoo: dakika mbili tu,
jicho limeshakusamehe, linakwambia panaonekana.
Jicho ni mwungwana, halipendi kukuudhi.
Ndiyo maana tukatengeneza chombo kisicho na adabu.

Usiku mmoja muuguzi Perpetua alipiga simu.
Vichanga watatu, manjano mpaka kwenye kucha,
siku ya tatu chini ya taa za buluu, na hawabadiliki.
"Taa zinawaka vizuri tu," alisema, "njoo uone."
Sikwenda kuona. Nilikwenda na mita.
Chumba kizima kilikuwa buluu, cha kupendeza.
Mshale ukainuka, ukasita,
ukakaa chini kabla hata ya nusu ya safari.
Taa ziliwaka kwa ajili yetu watu wazima;
watoto hazikuwafikia.
Tulibadilisha mirija kabla ya alfajiri.
Mmoja wao sasa anaitwa Mwangaza, na anatuuzia vocha getini.
Mmoja hatukumuwahi. Jina lake limo kwenye daftari,
kwa mwandiko wangu.

Na hii hamkuiuliza:
kwenye kabati la chuma, ndani ya pamba, kuna balbu moja.
Chilongani aliuza ng'ombe tisa wa mahari ya bintiye
akainunua, na ukoo ukakaa kikao juu ya akili zake.
Kwa hiyo mita zote husahihishwa. Tunaiita Taa Mama.
Huwashwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi, dakika kumi na moja,
kwa sababu kila inapotufundisha, inapungua.
Miaka arobaini, saa themanini na nane:
huo ndio umri wake wote.

Nasikia kamati imependekeza iwashwe usiku wa sherehe,
juu ya meza kuu, kati ya maua na spika,
kuanzia saa moja hadi wageni waondoke.

Ukurasa umejaa.
Picha ya mkurugenzi wekeni mnapotaka.
Ufunguo wa kabati ninao mimi,
na Jumatatu ya kwanza bado siku kumi na saba.